Vichwa Kumi na Kimoja vya Utafiti

Siku wifi yangu aliposema atasuka vichwa kumi na kimoja bure, nilimshika paji la uso nione kama ana homa. Hakuwa na homa. Alikuwa na utafiti.

Nianze na sisi wenyewe. Yeye ni mke wa kaka yangu, na saluni ni yake: chumba kimoja, viti viwili vya kuzunguka ambavyo kimoja hakizunguki tena, sinki la kuoshea nywele, drya ya kukaushia nywele iliyopasuka kofia ikaungwa kwa gundi, na kioo kirefu ambacho kila mteja analalamika kinamnenepesha. Yeye anasuka, mimi naosha na kufumua. Watu husema mawifi hawaivi chungu kimoja. Sisi tunaiva, ila tunatoa povu sana.

Wifi alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya maendeleo ya jamii, anasoma kwa masafa. Chuo chenyewe kiko mji mwingine. Masomo yanaingia kwa simu, na mitihani mnaifanyia kituoni, kwenye ukumbi ulio nyuma ya maktaba. Ili amalize alitakiwa kufanya utafiti, naye akachagua jambo lililokuwa likimkereketa siku nyingi: mbona wanawake wanaanza masomo ya masafa kwa kishindo, halafu wanayeyuka kimyakimya? Mwaka wetu, kituo chetu kilianza na wanawake ishirini na wawili. Kumi na mmoja walibaki, kumi na mmoja wakatoweka.

Nimesema mwaka wetu, na ulimi haujateleza. Tulijisajili siku moja, mimi na yeye, tukapiga na picha mlangoni tumekumbatia bahasha zetu kama watoto wachanga. Mwaka wa pili nikaacha. Nilisema macho yananiuma nikisoma kwenye simu. Na ili uongo usitembee uchi, nikanunua miwani. Ilikuwa vioo vitupu, ukiivaa unaona vilevile kama hujaivaa, lakini niliivaa miaka miwili, na mama mkwe wa wifi, ambaye ndiye mama yangu mzazi, alikuwa akiniombea kila asubuhi nisipofuke.

Kwenye orodha ya waliotoweka, mimi nilikuwa wa tisa. Wifi alijua. Mimi nilijua kwamba anajua. Hakuna aliyefungua mdomo.

Mwanzoni alifanya kama vitabu vinavyoagiza. Aliandika dodoso la maswali ishirini, akachapisha, akapita nyumba kwa nyumba kuyagawa akiwa amevaa viatu vya kwendea harusini. Baada ya wiki mbili yakarudi matatu. La kwanza lilikuwa limejazwa na mume wa mhusika, kwa mwandiko wa kuvutia, na mwisho kabisa akaandika: "Mke wangu hana changamoto yoyote." La pili lilijibiwa "sijui" mara ishirini, hata pale palipoulizwa umri. La tatu lilikuwa safi, ila mtoto alikuwa amechora juu ya majibu yote ng'ombe mkubwa. Au basi la abiria. Tulibishana siku nzima.

Msimamizi wake alikuwa mhadhiri mmoja tuliyempachika jina la Bwana Marejeo, kwa sababu hata ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza marejeo yako yako wapi. Akapiga simu.

"Madodoso matatu si utafiti," akasema. "Ni uvumi. Una wiki tatu."

Nilidhani wifi atalia. Alikaa kwenye kile kiti kisichozunguka, akamkodolea macho mteja aliyekuwa chini ya drya. Mteja yule, tangu aingie, alikuwa ameshatusimulia talaka ya jirani yake, meno ya shemeji yake, na jinsi alivyomdanganya mumewe kuhusu mahali alipopata koti.

"Wifi," akaniambia, "huyu tumemuuliza nini?"

"Hatujamuuliza kitu."

"Na ametuambia mangapi?"

"Mengi mno. Mengine nitayasahau kwa makusudi."

Akasimama ghafla hadi kiti kikaanguka. "Basi! Mwanamke hana muda wa kujaza karatasi. Mahali pekee anapokaa saa nne nzima bila mtu kumwambia inuka ni hapa, kwa sababu akiinuka ataondoka na nusu kichwa. Nitawasuka. Wote kumi na mmoja. Bure."

Hapo ndipo nilipomshika paji la uso.

Habari ya kusukwa bure haihitaji tangazo. Kesho yake asubuhi wa kwanza alikuwa mlangoni kabla hatujafagia. Tulimwita Askari, maana alikuwa mlinzi wa geti la kiwanda cha sabuni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusimamisha lori. Mimi nikapewa ubao wa kuandikia, kalamu, na cheo: msaidizi wa mtafiti. Cheo kilinikaa vizuri kuliko nilivyotaka kukiri.

Wifi akasoma karatasi ya ridhaa. "Jina lako halitatajwa. Una haki ya kukataa swali lolote. Una haki ya kuondoka wakati wowote."

"Niondoke na mistari miwili kichwani?" akauliza Askari.

"Ndiyo haki yako."

"Hiyo si haki, hiyo ni adhabu. Uliza."

Akatueleza. Vipindi vilikuwa vinaingia akiwa zamu, kwa hiyo alikuwa anaweka simu ndani ya kofia, anaishika kofia karibu na sikio. Siku moja bosi akapita, akamkuta mlinzi wake amekumbatia kofia, anaitikia kwa kichwa, na kofia inamwambia: "Sasa tuingie hatua ya pili."

"Akadhani napanga wizi," Askari akasema. "Nikamwambia ni nadharia ya maendeleo. Akasema hiyo nadharia niiache nyumbani. Na nyumbani nina kina nani? Watoto wanne na baba yao, na wote wananitaka mimi. Nikaiacha njiani."

Nilicheka mpaka kalamu ikachora mstari hadi ukingoni mwa karatasi. Wifi akanikanya kwa macho. Kisha naye akaangua kicheko, na mstari wa tatu wa nywele ukaenda mrama, ikabidi aufumue.

Wa pili alikuwa Mama Pacha. "Nilijisajili nikiwa na mimba ya mmoja," akasema. "Wakatoka wawili. Fomu ya chuo ina sehemu ya kuahirisha muhula kwa sababu ya uzazi, nikaijaza. Nikaongeza kwa kalamu: mara mbili. Sikujibiwa."

Wa tatu alikuwa Nesi, mpole, wa kuongea taratibu. Nyumbani kwao simu yenye intaneti ilikuwa moja, ya watu wawili. "Mume wangu hakunikataza hata siku moja," akasema. "Ila kipindi kikianza tu, anamkumbuka mama yake. Wiki nzima hamkumbuki. Ikifika saa kumi na moja jioni, anatoka chumbani macho mekundu kwa upendo: lete simu, nimsalimie mama."

Halafu tukafika swali la kumi na nne, na hilo lilituletea majirani dirishani kwa vicheko. Liliandikwa hivi: Kuanzia moja hadi tano, mume wako anakuunga mkono kiasi gani?

"Mkono ananiunga," akajibu Nesi baada ya kufikiri. "Mkono tano. Sahani, sifuri. Na swali lenyewe ni la kijinga."

Nikaandika vilevile. Sikujua jibu hilo niliweke safu gani.

Vichwa vikaendelea kuja. Mwalimu wa chekechea alisema mtandao mtaani kwao unashika juu ya paa tu, na yeye anaogopa ngazi. Mpishi wa hoteli ndiye aliyetuua kabisa. Alikuwa anasikiliza mhadhara huku akipika nyumbani, hajui kwamba kipaza sauti chake kiko wazi.

"Watu themanini," akasema, akiwa amefunika uso kwa taulo. "Themanini, na mhadhiri juu, wakanisikia nikimwambia mume wangu: leo usiponawa miguu, utalala sebuleni. Kukawa kimya. Halafu mhadhiri akasema, 'Tunakushukuru kwa mchango.' Ningerudi vipi? Kila nikifungua kile kipindi nasikia harufu ya miguu."

Wifi alilazimika kuweka kitana chini. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na mpishi naye chini ya taulo alikuwa anatikisika, nami nilishikilia sinki.

Mwisho wa wiki ya pili tulikuwa na vichwa vinane na maelezo ya kurasa sitini. Tatizo likawa jingine. Wifi alichora jedwali, na jedwali likafanana na nguo ya viraka: huyu kazi, huyu watoto, huyu simu, huyu paa, huyu miguu. Bwana Marejeo alitaka kitu kimoja cha jumla, uzi wa kushonea viraka vyote. Wifi aliutafuta uzi huo kwenye karatasi zile hadi akaanza kuzungumza na drya.

Jumatatu mchana, saluni haina mtu, akapangusa kile kiti kinachozunguka.

"Namba tisa," akaita.

"Namba tisa ni nani?" nikauliza, nikaanza kuosha sinki ambalo lilikuwa safi.

"Usinitanie. Kaa."

"Nywele zangu fupi."

"Nitazishika hata kwa koleo. Kaa, wifi."

Nikakaa. Akaweka simu irekodi, akanisomea ridhaa kama mgeni, akazigawa nywele zangu katikati. Maswali ya mwanzo niliyapita vizuri. Akafika kwenye sababu ya kuacha masomo.

"Macho," nikasema.

Alisuka mstari mzima kimya. Hakuna kitu kibaya kama msusi aliyenyamaza. Unasikia kila unywele. Akamaliza wa pili. Wa tatu.

"Si macho," nikasema.

"Nakusikiliza."

"Takwimu. Nilipata thelathini na nane, na kufaulu ni arobaini. Wewe siku ile ulipata sabini na moja, ukaruka mpaka ukagonga drya."

Mikono yake ikasimama. "Kwa hiyo ile kofia niliipasua mimi?"

"Ndiyo, na mimi nilifurahi kwa ajili yako, kweli kabisa. Nikasema nitakuambia kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Nikasema basi, ngoja nikae kimya nione nani ataniuliza. Mwalimu, chuo, mwenzangu wa kundi. Mtu yeyote aseme tu: mbona huonekani? Nilikaa miezi minne nasubiri, wifi. Hata mbwa akipotea anaitwa."

"Hata mimi sikuuliza," akasema polepole.

"Wewe niliwahi kukuambia macho."

"Na mimi nikaona miwani, nikaamini." Akanivua miwani, akaivaa yeye, akajitazama kwenye kioo, akatazama dirishani, akanitazama mimi. "Wifi! Hili ni dirisha tu!"

Tulicheka, tukalia, tukacheka tena. Kichwa changu kilikuwa na mistari mitatu upande mmoja, na upande wa pili kichaka. Katikati ya kicheko akaniangalia kama mtu aliyeona nyoka, au pesa iliyoanguka.

"Ngoja," akasema. "Hao wanane. Tuliwauliza kwa nini waliondoka. Hatukuwauliza walipoondoka nani aliwatafuta."

Akachukua simu hapo hapo. Askari: hakuna. Mama Pacha: hakuna. Nesi: "Ah, wapi, nani anitafute?" Mwalimu wa chekechea: hakuna, na alikuwa bado anasubiri. Mpishi peke yake alisita.

"Chuo kilinitumia ujumbe," akasema. "Heri ya siku ya kuzaliwa. Tena tarehe si yenyewe."

Hapo ndipo utafiti ulipozaliwa. Kila mmoja alikuwa na mlango wake wa kutokea, lakini nje ya milango yote palikuwa kimya kilekile. Mwanamke anayeacha darasa la kukaa pamoja anaacha dawati tupu, mtu ataliona. Anayeacha masafa haachi kitu. Wifi aliandika sentensi hiyo huku kichwa changu kikisubiri, na nilitembea na mistari mitatu hadi Jumatano.

Wa kumi na wa kumi na moja wakaulizwa maswali ishirini na moja. Jibu likawa lilelile.

Siku ya kutetea utafiti ilipangwa saa tano asubuhi, kwa simu, mbele ya jopo la watu watatu. Wifi akaamua kufanyia saluni kwa sababu mtandao ulikuwa mzuri na ukuta ni mweupe. Tulifunga mlango, tukaweka kibao cha "Tumefunga", tukaegemeza simu kwenye chupa ya shampuu.

Saa nne na nusu Askari akagonga. "Nimekuja kusikia nilichosema," akasema. Nyuma yake Mama Pacha, na pacha. Nyuma yake Nesi amebadilishana zamu. Kufikia saa tano kasoro dakika mbili walikuwa kumi, wote na misuko ya wifi, wamejibana ukutani upande ambao kamera haifiki, wawili karibu waingie ndani ya sinki. Mpishi alikuwa amejiziba mdomo kwa plasta, kwa tahadhari, alivyosema baadaye.

Jopo likatokea: Bwana Marejeo kushoto, kijana wa kuandika kumbukumbu kulia, na katikati profesa mmoja mama wa makamo, mwenye nywele nyeupe na uso usiosema kitu. Wifi akaanza. Sentensi mbili za kwanza alizisoma, kisha akaiweka karatasi chini. Nilimtazama nikashangaa. Huyu ndiye mtu niliyemfokea jana kwa kutorudisha taulo.

Akamaliza. Profesa akauliza: "Wahojiwa wako walipata huduma ya bure. Unajuaje hawakusema ya kukupendeza?"

"Profesa," wifi akajibu, "mtu wa kukupendeza hukupendeza dakika kumi. Kusuka ni saa nne. Kufikia saa ya pili ameshachoka, shingo inauma, na anakulaumu hata wewe. Mmoja alisema swali langu la kumi na nne ni la kijinga. Nimeliweka kwenye kiambatisho, neno kwa neno."

Nesi akainamisha kichwa.

Bwana Marejeo akasogea kwenye kamera. Sote tulijua kinachokuja. "Dai hili kwamba hakuna aliyewatafuta ni zito," akasema. "Marejeo yako yako wapi?"

Wifi alinyanyua simu kutoka kwenye chupa ya shampuu, akaigeuza taratibu.

Vichwa kumi, na changu cha kumi na moja. Askari akapiga saluti. Pacha mmoja akapunga mkono.

Wakati huohuo mlango wa nyuma, wa uani kwetu, ukafunguka, akaingia kaka yangu kwa kunyata. Kaka yangu ni fundi wa majokofu. Miaka ishirini amefanya kazi pembeni ya mashine zinazonguruma, na hajui kunong'ona. Akaninong'oneza, na mtaa wote ukasikia: "Dada! Samahani! Usimsumbue mwenzako! Chumvi iko wapi?"

Profesa akaweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kucheza. "Mtafiti," akasema kwa taabu, "hicho nacho ni kiambatisho?"

Ikawa basi. Bwana Marejeo alicheka mpaka picha yake ikaganda mdomo wazi, ikabaki hivyo hadi mwisho wa kikao. Kaka aliposhtukia anaonekana, alijikaza, akasema jikoni leo yuko yeye, na kwamba angeipata chumvi tu, alitaka uhakika.

Wifi akapasishwa, arekebishe pambizo na namba za kurasa. Lakini profesa hakukata simu. Alivaa miwani, yenye nguvu ya kweli, akawaangalia wale wa ukutani.

"Nyinyi mliambiwa mmefutwa?"

"Hatujaambiwa chochote," Askari akasema. "Ndiyo utafiti wenyewe."

"Hamjafutwa. Usajili wa masafa chuoni kwetu unakaa miaka minane. Bado mna nafasi zenu. Na mlipaswa kuambiwa na sisi." Akachukua kalamu. "Nani anarudi?"

Sitaki kusema uongo kwamba wote walinyoosha mkono. Mwalimu wa chekechea aliomba kufikiri. Wawili walisema maisha yameshashika njia nyingine, nao wako sawa. Mikono minane iliinuka, na mpishi, akiwa na plasta yake, aliinua yote miwili. Mkono wangu niliuona hewani kabla sijauamuru.

Mama alipoona nimeacha miwani, aliwaita majirani watatu na kuwatangazia kwamba maombi yamejibiwa. Sikuwa na moyo wa kumkatiza. Nikasema amina.

Muhula ule tulisoma saluni, Jumapili mchana, simu moja kubwa mezani. Kaka ndiye aliyekaa na watoto wetu wote, na pacha juu. Tulikubaliana jambo moja tu: mtu akikosa vipindi viwili, mwenzake anakwenda mlangoni kwake kwa miguu. Nesi alipokosa, Askari alikwenda akiwa na sare na rungu. Inasemekana mume wa Nesi alinunua simu yake mwenyewe wiki ileile, na mama yake anapigiwa hadi analalamika.

Matokeo ya takwimu yalitoka siku ya kazi, saa nane mchana. Nilikuwa namwosha nywele mama mmoja mgeni, mara yake ya kwanza kwetu, kichwa kizima povu. Simu ikalia. Nikaifungua kwa kidole kidogo, ndicho kilichokuwa kikavu. Sitini na nne.

Sikumbuki kupita mlangoni. Najikumbuka nikiwa barabarani, mikono juu, povu linadondoka hadi kwenye viwiko, napiga mayowe. Wifi akatoka mbio na kitana, hajui kuna nini, anapiga mayowe vilevile kwa kuniunga mkono. Tukakumbatiana, tukazunguka, tukamgonga muuza mayai, na kwa bahati halikuvunjika hata moja.

Yule mama mgeni naye akatoka, taulo shingoni, povu limemfika kwenye nyusi, jicho moja limefumba.

"Jamani, kuna nini?"

"Takwimu!" nikamwambia. "Takwimu, mama! Miaka yote alinikimbia, leo nimempata!"

Akanishika mikono yote miwili, akaanza kuruka nami. "Hongera, mwanangu, hongera sana!" akasema. "Na huyo Takwimu, ni mtoto wa nani?"